Gauni la Mama na Jicho la Fundi

Nyumbani,
Meza ya jikoni,
Jumamosi mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kazini. Binamu zangu hawajambo? Huku sote tuna afya, ila hakuna aliyetulia. Tangu nianze mstari huu nimeinuka mara kadhaa kwenda kutazama mlango wa chumba cha mama. Bado umefungwa.

Masomo yanaendelea vizuri. Nimemaliza vitabu vyote vya rafu ya chini katika maktaba ya shule, na mkutubi ameniruhusu kuanza rafu ya juu. Lakini wiki hii nasoma ukurasa uleule tena na tena bila kuambulia kitu. Sababu ni dada.

Shangazi, dada amepata mchumba. Unajua anauza vifungo na nyuzi katika duka la pale kona. Mchumba ni fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alianza kwa kuja kununua vifungo, kimoja asubuhi, kingine jioni, mpaka mwenye duka akamuuliza ni shati gani hilo lisilokwisha. Ni mpole, na akimwona dada husahau kutoa pini mdomoni kabla ya kuongea. Watu wanamwita Jicho, kwa sababu hatumii sentimita, ule utepe wa kupimia. Anakutazama ukivuka barabara, anarudi kwenye cherehani yake, na nguo inakukaa sawasawa. Hilo ndilo lililotuponza.

Kabla ya kuja kujitambulisha, alitaka kumshonea mama gauni la zawadi, tena bila mama kujua. Akamwomba dada amwonyeshe mama ni yupi. Siku hiyo mama alikuwa ng'ambo ya barabara pamoja na mama mdogo. Dada akasema, "Yule anayetupungia mkono." Shangazi, walipunga wote wawili. Unamjua mama mdogo alivyo, mwembamba kama ufito. Na unamjua wifi yako.

Jumapili iliyopita fundi alikuja na mjomba wake, dereva wa lori, ambaye huongea kana kwamba injini bado inanguruma. Mama akapokea gauni, akalisifu, akasema atalivaa hapohapo ili kuwaheshimu wageni. Akaingia chumbani. Tukangoja. Baba akazungumzia mvua, akaimaliza, akaianza upya. Mama hatoki.

Mwishowe nikasikia akiniita kwa sauti ndogo. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono juu, gauni limemkaba kifuani na kumfunika uso, haliendi juu wala chini.

"Usicheke," akasema.

"Sicheki, mama."

"Nasikia unavyopumua. Usicheke!"

Nilivuta huku, nikavuta kule, kitambaa kikaanza kulia. Nikataja mkasi. Mama akasema heri afie humo kuliko wageni wajue. Nikakimbilia jikoni kwa dada. Dada alikaa chini kwenye sakafu, akifuta machozi kwa aproni, na hata sasa sijui kama alikuwa anacheka au analia. Akasema anayejua mishono ya gauni lile ni mmoja tu.

Shangazi, wewe unanijua. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, nakaa kimya mpaka mwingine alitoe. Katika vitabu ninavyosoma, wachumba huvuka mito na kupigana na wanyama wakali, na wadogo wa bibi harusi hawapewi kazi yoyote. Mimi nilitembea hadi sebuleni, nikainama, nikamnong'oneza fundi. Naye akaninong'oneza kwamba ubavu wa kushoto ameupiga bandi tu, yaani ule mshono mwepesi wa mkono wa kushikiza nguo mpaka mwenyewe aijaribu. Chini ya kwapa kuna uzi mweupe. Ukivutwa, ubavu wote unafunguka.

"Mnanong'ona nini nyie?" mjomba wake akauliza.

"Kwapa," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

Baba, ambaye ni fundi umeme, akaanza kukagua taa ya dari.

Nikarudi kwa mama, nikautafuta uzi, nisiuone. Fundi akaja mwenyewe mpaka nje ya mlango, akaugeuzia mgongo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," sauti ikatoka ndani ya kitambaa.

"Samahani, mama. Inua mkono wa kushoto."

"Yote imeinuka! Hata kuishusha siwezi!"

"Basi mdogo wangu apapase chini kabisa ya kwapa, kwenye pindo."

Nikaupata. Nikavuta, ubavu ukafunguka, na mama akachomoka akihema kama mtu aliyeibuka majini.

Fundi angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini ni mkweli kupita kiasi. Akasema palepale mlangoni, "Mama, kosa ni la jicho langu. Nilimpima mama mdogo nikidhani ndiye wewe."

"Kwani huyu ni mnene sana?" mjomba wake akauliza kutoka sebuleni.

Baba alikohoa mpaka akatokwa na machozi.

Mama akatoka na nguo zake za kila siku, akaketi, akaongea na wageni kuhusu ubovu wa barabara. Habari ya uchumba hakuigusa. Walipoaga, fundi akasema, "Mama, gauni naliacha kwako. Ukilirudisha nilirekebishe, nitajua nimeruhusiwa kuja tena. Usipolirudisha, sitakusumbua."

Wiki nzima gauni limening'inia nyuma ya mlango wa mama. Baba akiulizwa anajibu, "Muulizeni mwenye gauni." Dada anapiga pasi blauzi ileile kila siku. Ameniambia anampenda sana, ila mama akikataa hataolewa kwa kumkaidi. Nakuomba, Shangazi, mwandikie wifi yako neno moja. Mimi sina ujasiri huo. Jana mezani nilifungua mdomo kumtetea fundi, nikaishia kuomba chumvi.

Shangazi, nimerudi. Nimeacha kalamu ghafla kwa sababu mama ameniita. Nimemkuta amefunga dirisha na pazia, ameshika sentimita aliyoazima kwa jirani. Akaniambia nimpime kifua, kiuno na nyonga, nitaje kwa sauti ya chini. Nilipojaribu kumpunguzia kidogo kwa adabu, akanipiga kikofi begani.

"Sema kweli! Unataka ninase tena?"

Kisha akakunja gauni, akanikabidhi. "Mpe dada yako ampelekee. Na mwambie huyo kijana wake, siku ya kuja asimwache mjomba. Nina jibu la swali lake."

Nisalimie mume wako, binamu zangu wote, na yule bibi jirani yenu anayeniazima magazeti nikija. Mungu akutunze, akupe nafuu ya goti, maana itabidi ucheze harusini.

Niwie radhi kwa mwandiko. Dada yuko uani anaanua nguo na hajui lolote, nami gauni ninalo mapajani.

Mimi nikupendaye daima,
Mtoto wa kaka yako