Risasi Mpya za Baba Mkwe

Jumamosi, jioni. Ukungu umetanda Lushoto tangu saa nane mchana, ule wa kuingia mpaka ndani ya nyumba. Nimevaa koti na bado natetemeka, na sitaki kudanganya kwamba ni baridi.

Leo nimemkatalia baba mkwe mbele ya watu.

Nianze na nguruwe. Msimu huu nguruwe pori wamefukua viazi vyetu kule Rangwi, kwenye kipande alichotupa baba mkwe jirani na shamba lake, mpaka mke wangu akasema bora tuwapelekee magunia huko huko msituni, sisi tulale. Mzee akaona macho yake yamechoka, hivyo bunduki yake ya kizamani ya Kijerumani aniuzie mimi mkwewe, tufuate taratibu zote za polisi, kibali kiwe cha jina langu. Nikashukuru sana. Moyoni nilinywea. Mimi tairi likipasuka tu barabarani nakaa chini.

Basi kwa woga wangu nikaanza kusoma kabla ya kununua.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji na zile za kupulizia dawa. Kwetu mafundi kitu kikiingia kimekubali, kikigoma kinapigwa msasa mpaka kikubali. Nikajua na bunduki ni hivyo: risasi ikikaa kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, na komeo likafunga, basi ni yake. Kumbe wapi! Bunduki kama ya mzee zilitoka za aina mbili. Ganda la risasi linafanana, chemba zinafanana, lakini mtutu wa zile za zamani zaidi ni mwembamba kidogo, na kichwa cha risasi za siku hizi ni kinene kidogo. Tofauti yenyewe ni kama unene wa karatasi. Risasi inaweza kuingia vizuri na komeo likafunga vizuri, halafu ukipiga, kichwa kinalazimishwa kupita kwenye tundu lisilo lake, na ile nguvu yote ikikosa njia ya mbele inarudi nyuma. Na nyuma kuna shavu la mtu.

Nilipiga picha alama za kwenye mtutu nikamtumia fundi wa silaha, Tanga mjini. Akanipigia leo asubuhi nikiwa navaa viatu vya safari ya Rangwi. Akasema namba zinaonekana, ila herufi inayotofautisha aina hizo mbili, ile ya mtutu mpana, haipo. Labda imefutika, labda haikuwekwa kabisa, na kwa picha tu hawezi kuapa. Mtutu upimwe kwanza. Risasi zenye herufi ile, yaani zile za kichwa kinene, zisipigwe kwenye bunduki hiyo mpaka ipimwe.

Risasi alizozoea mzee ziliisha. Boksi jipya alilonunua kwa ajili ya kunikabidhi lina herufi ile.

Nikajipa moyo kwamba nitamweleza taratibu. Lakini baba mkwe humwambii jambo kama unavyomwambia fundi mwenzako. Mimi hata benchi moja sikai naye. Nilipanga maneno njia nzima, na nilipofika, kabla shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, nikaona debe la shabaha limeegemezwa kwenye ukingo wa shamba, majirani wamekuja kutazama, na mzee ameshika bunduki. Alitaka apige yeye kwanza ndipo anikabidhi, watu waone kwamba hauzi kitu kibovu.

Akaweka risasi mpya. Akafunga komeo. Akanigeukia akitabasamu, akaniambia kwa Kishambaa kwamba imeingia yenyewe, hata haikuguna. Kisha akalaza shavu kwenye kitako.

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. Nikasogea mbele nikasema, "Baba, naomba usipige."

Sauti ilinitoka kama ya mtu anayelia. Mzee akashusha bunduki. Nikaeleza hovyo hovyo, mara herufi, mara mtutu, mara fundi wa Tanga, huku nikiangalia viatu vyake. Jirani mmoja akacheka. Mama mkwe akaingia jikoni.

"Nimeipiga hii mke wako hajazaliwa," mzee akasema. "Leo nikuuzie kitu cha kukuua?"

Alisema kwa Kiswahili. Tangu nimwoe binti yake, mzee huyu husema nami Kishambaa tu. Kiswahili chake ni cha wageni na cha ofisini. Akaitoa risasi, akaitia kwenye mfuko wa koti pamoja na nyingine, akanitakia safari njema kwa Kiswahili hicho hicho.

Nilirudi huku naona aibu mpaka masikioni. Na kuna kibaya zaidi: njiani nimejikuta naomba Mungu mtutu upimwe uonekane mwembamba. Yaani namwombea mzee wa watu bunduki yake iwe na kasoro, ili mimi nisionekane mjinga. Na ukionekana uko sawa? Nitamtazama vipi?

Nimemsimulia mke wangu yote. Hakunilaumu. Ameuliza kitu kimoja tu: zile risasi zimebaki wapi?

Zimebaki kwa mwenyewe. Bunduki ni yake, kibali ni chake, risasi ziko mfukoni mwake. Nami kwa haraka ya kuikimbia aibu, sikumwomba hata aniahidi kwamba hatazipiga.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, mama mkwe amepiga simu. Mzee amegoma kula. Amechukua bunduki na tochi, ameelekea kibandani kwenye viazi kuvizia nguruwe, na amesema leo watu watajua kama inapiga au haipigi. Simu yake ameiacha mezani.

Naibandika hii kama ilivyo, sina muda wa kuisahihisha. Mke wangu ameshavaa koti, yuko nje anafuta taa ya pikipiki. Naogopa hii njia kwenye ukungu, namwogopa mzee, naogopa zaidi kuchelewa. Aninunie maisha yake yote, mradi aninunie na uso mzima.

Tukifika Rangwi nitapiga honi kuanzia barabarani mpaka ukingoni mwa msitu, nguruwe wote wakimbie, mzee akose cha kupiga.