Marahaba ya Karamu

Fundi wangu,

Shikamoo. Najua huitikii, na nimeshazoea. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unaniacha kwanza nisimame na shikamoo yangu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

Kibanda chetu cha baiskeli kipo palepale, Kilosa haijahama. Ile pampu uliyokataza tusiwaazime watu nimeiazimisha mara mbili na imerudi mara moja. Lakini sikuandikii habari za pampu. Nakuandikia habari za karamu ya akina baba ya mwaka ule uliotuacha, maana sidhani kama kuna aliyekusimulia.

Kwenye karatasi yako ya hospitali waliandika "changamoto ya upumuaji". Niliisoma mara mbili. Maisha yako yote ulijaza upepo matairi ya watu, halafu wa kwako ukakuishia. Ungekuwepo ungecheka. Mimi sikuweza.

Baada ya kukuzika, kila mtu alisema haogopi, na kila nyumba ilinuka majani ya kujifukiza. Kikundi chetu cha akina baba kanisani kikakaa, watu wameachana nafasi kama mahindi yaliyopandwa na mvivu, kikaamua kwamba karamu ya baada ya mavuno, ile ya wanaume kupika na wake zao kuketi wakaandaliwa, mwaka huo ingekuwa ya simu. Kila mmoja apike kwake, amwandalie mkewe, kisha tuonane kwenye video. Katibu aliiita "karamu ya mtandaoni". Alilitamka neno hilo kama mtu aliyelinunua.

Akasoma majina. Nilisikiliza mpaka la mwisho. Mama Stefano hakuwemo. Mkeo, Fundi. Miaka yote uliwapakulia wake za watu kabla ya wako, sasa kwako hapakuwa na mume wa kupika, basi na jina likapotea. Nikauliza. Katibu akasema Mama ataungana nasi kwa simu. Nikauliza ataungana akiwa anakula nini. Akasema hoja hiyo niilete kwa maandishi.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, nikitegemea ugomvi, maana zamu ya kuandaliwa ilikuwa yake. Akasema, "Nenda ukampikie. Pilau yako naijua, sina haraka nayo."

Jumamosi mchana nikafunga jogoo, mchele na sufuria kwenye keria ya baiskeli, nikaenda kwako. Nilipika uani, barakoa usoni, Mama amekaa mlangoni na kunielekeza kwa mbali. Nilichoma nyama kwa spoki ya gurudumu kuona kama imeiva, kama ulivyonifundisha. Akaniuliza, "Hiyo spoki umeiosha?" Nikasema nimeiosha. Akasema, "Na yeye alikuwa anasema hivyohivyo."

Saa ya karamu ikafika. Simu ikajaa vipaji vya nyuso. Mmoja alituonyesha dari yake tangu sala mpaka amina. Kila mtu na sahani magotini. Ikabaki ile desturi yetu: wote wamwamkie mkubwa kuliko wote, na asipoitikia hakuna anayegusa chakula. Enzi zako mkubwa ulikuwa wewe; ulikuwa unatutazama mmoja mmoja, unatafuna njiti, mate yanatujaa, ndipo unasema, "Marahaba. Kuleni kabla sijaghairi."

Sasa mkubwa ni Mzee Yeremia, na siku zile alikuwa Mikumi kwa binti yake. Tukasema shikamoo. Haikutoka pamoja, ilitoka mojamoja, kama mbuzi wanaopita mlango mwembamba. Kimya. Midomo ya Mzee ilikuwa inacheza, tukadhani anaomba. Tukamwamkia tena. Kimya. Katibu akasema labda mtandao wa Mikumi umekanyagwa na tembo. Pilau inapoa, hakuna anayethubutu kula, wala kusema tuiruke. Nadhani wote tulikuwa tunaisikia sauti ileile ambayo haikuwepo.

Mama alikuwa hajagusa sahani yake. Akanyoosha mkono, akachukua simu yangu, akaishika mbali kama inauma.

"Marahaba," akasema. "Kuleni kabla sijaghairi."

Fundi, mwanamke alifungua karamu ya akina baba. Mtu mmoja akakohoa, si kwa ugonjwa. Halafu nikasikia vijiko. Katibu hakudai maandishi.

Tukiwa katikati ya kula, binti wa Mzee Yeremia akagundua kwamba simu ya baba yake ilikuwa imefungwa sauti. Mzee akaingia amefura. "Nimeitikia mara saba! Nani kawaruhusu kula?" Tukainama kwenye sahani. Mama akasema, "Ni mimi, shemeji. Shikamoo." Mzee akaivuta sahani yake. Kisha akasema, "Marahaba. Hiyo ya nane. Basi karamu imefunguka."

Siku hizi tunakaa tena pamoja, chini ya bati moja. Kwenye orodha ya akina baba, mstari wa kwanza umeandikwa Mama Stefano. Mgeni akiuliza, katibu anasema si kosa la uandishi.

Lala salama, Fundi. Maadamu mikono yangu inaweza kunyanyua sufuria, sahani ya Mama haitakosekana, na spoki nitaiosha kweli. Shikamoo yangu ya leo usihangaike nayo. Marahaba yake nilishaipokea uani kwako.

Mwanafunzi wako wa baiskeli na pilau