Ripoti ya Kila Ijumaa

Jumamosi, 3 Februari

Baba Chiriku,

Salamu. Mimi mzima, mtoto mzima, vyerehani vyangu vyote viwili vizima. Hali yako naiuliza kwa sababu wazee wa pande mbili walituamuru tuandikiane kwa adabu, tena habari za mtoto tu, baada ya kuchoka na matusi yetu ya kwenye simu. Haya, hujambo?

Laptopu aliyokuja nayo wiki iliyopita nimeiona. Chiriku ana miaka kumi na minane lakini kailalia kama mto. Kwa hilo asante. Nimeandika asante, wazee wakiuliza waonyeshe. Anaihitaji kweli. Chuo cha usanifu majengo kinataka michoro kumi ya nyumba, itumwe kwa mtandao kabla ya saa sita mchana, Alhamisi tarehe 14 Machi. Kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka asingeweza.

Sasa nije kwenye lililonipandisha mori. Mtoto ananiambia ndani ya hiyo laptopu kuna programu ya kuzuia virusi, na aliyeichagua ni mkeo. Bi Kibodi! Katika wanadamu wote wanaojua kompyuta, umemkosa wa kumlinda mwanangu mpaka umpe yeye? Mwanamke aliyeingia kwenye ndoa yangu bila hata kupiga hodi, leo ndiye mjuzi wa nini kiingie na nini kisiingie? Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa nampima kiuno akaniuliza kulikoni. Halafu sikucheka tena, nikakosea vipimo vyake.

Itoeni. Fundi Waya wa hapa kona atamwekea mtoto nyingine.

Mama wa mtoto wako


Jumapili, 11 Februari

Mama Chiriku,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo ila mgongo, wiki nzima tumekuwa tukipanga vipuri vipya kule stoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilitaka hasira zipoe kwanza, zangu na zako.

Mke wangu ana jina, ila sitagombana nawe kwa hilo. Suala la programu tulilichunguza wiki mbili. Mtoto anabadilishana flashi na darasa zima, na kompyuta ya shule iliwahi kumlia kazi ya muhula mzima, umesahau? Tukatafuta isiyoifanya mashine iwe nzito, inayojisasisha yenyewe, inayokagua flashi kabla haijafunguka. Hayo si mapenzi wala wivu, ni kazi, na kazi hiyo ndiyo anayoifanya kila siku ofisini.

Fundi Waya? Yule aliyetengeneza redio yako ikawa inashika stesheni moja tu mpaka leo? Hapana, ahsante.

Programu inabaki. Na mwambie mtoto apunguze muziki. Jumanne kasikiliza saa mbili na dakika kumi wakati michoro inamngoja.

Baba wa mtoto wako


Jumamosi, 17 Februari

Baba Chiriku,

Salamu nimezitia kwenye bahasha, zitafute.

Saa mbili na dakika kumi. Wewe unaishi upande wa pili wa mji, hizo dakika kumi umezijuaje? Nimekaa na swali hilo tangu Jumapili, nashona kola huku linanichoma. Jumatano nikamwita Fundi Waya. Akafungua, akabonyeza huku na kule, akaniita nije kuona. Kumbe kila Ijumaa mchana hiyo programu yenu inatuma ripoti. Nini kimefunguliwa, saa ngapi, nini kimetafutwa. Na inakwenda kwa watu wawili, wewe na Bi Kibodi!

Kwa hiyo jicho la yule mwanamke limekaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa wiki tatu nzima, na mimi napita mbele yake na kanga moja. Hakutosheka na mume, sasa anataka kujua na nyumba niliyobakiwa nayo inaendeshwaje.

Fundi alitaka kuizima hiyo ripoti. Nikamwambia aiache hivyo hivyo. Mnapenda ripoti? Subirini Ijumaa.

Mama wa mtoto wako


Jumapili, 25 Februari

Mama Chiriku,

Sijambo. Nyumbani kwangu hatujambo kwa kujikaza tu.

Ripoti ya Ijumaa imekuja na maswali arobaini na moja, yote yameandikwa Jumatano kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, wakati mtoto yuko darasani. Nanukuu machache:

“Mwanamume wa miaka hamsini na mbili akipaka nywele rangi nyeusi huwa anamdanganya nani?”

“Aliyeiba mume ataibiwa baada ya miaka mingapi?”

“Mume anayekoroma kama mashine ya kusaga, mke wa pili huchoka lini?”

Huna haya? Mke wangu aliifungua ofisini, mbele ya wenzake. Mmoja wao alisimama nyuma yake, akaisoma hiyo ya kukoroma kwa sauti. Sasa idara nzima inaniita Kinu. Nilipokwenda kumchukua Ijumaa, mlinzi wa getini aliniuliza kama nimelala vizuri, na akashindwa kumaliza swali kwa kicheko.

Umetaka vita. Mke wangu ameikaza hiyo programu kutoka hapa hapa alipo. Haizimwi, haitolewi bila neno la siri, na neno la siri analo yeye peke yake. Mlete Fundi Waya, mlete na babu yake.

Baba wa mtoto wako


Jumamosi, 2 Machi

Baba Chiriku, au nikuite Kinu?

Hujambo! Mimi leo sijambo kabisa. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimewasomea majirani. Miaka mitatu sijacheka hivyo. Siku ulipobeba begi lako ulinikuta nimeshika pasi ya moto, na mpaka leo najuta kwamba niliiweka chini. Basi hayo maswali ndiyo pasi yangu. Moja nililiandika kwa kila mwezi niliolala nikitazama upande wako wa kitanda, matano nikaongezea kwa raha zangu.

Fundi Waya amejaribu kuitoa programu ya Bi Kibodi, imegoma. Nikamwambia basi weka nyingine juu yake, tena iliyo kali kuliko zote alizonazo. Akajikuna kichwa. Akasema mbili kwenye mashine moja hazipatani, kila moja inamwona mwenzake ndiye mharibifu. Nikamwambia vizuri sana, weka. Na ripoti za hii zinakuja kwangu.

Mtoto analalamika kwamba mashine imekuwa nzito, anabonyeza herufi inatokea baada ya kumeza mate. Atazoea. Mimi nimezoea makubwa zaidi.

Mama wa mtoto wako


Jumapili, 10 Machi

Mama Chiriku,

Natumai u mzima. Mimi mzima.

Hicho kidude chako tumekiona. Mke wangu amekiweka kwenye orodha ya vitu hatari, sasa kila kikijaribu kufanya kazi kinazuiwa. Akaniambia ni jambo la dakika mbili. Alikuwa anatabasamu, na nakiri, nami nilitabasamu.

Mtoto amekuja na uso mzito. Ameniomba tuache moja tu, yoyote ile, mpaka Alhamisi ipite. Nikamwambia sina tatizo, mama yake aanze kuondoa yake. Akasema wewe nawe umemwambia baba aanze. Basi mpira uko kwako. Mimi niliyeinunua laptopu sitaamrishwa na fundi wa redio.

Baba wa mtoto wako


Jumapili, 17 Machi

Mama, Baba,

Shikamooni. Mimi mzima wa mwili. Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja iko juu ya cherehani, nyingine iko stoo kwenye meza ya Baba. Msinyang'anyane.

Alhamisi saa nne asubuhi nilifungua folda ya michoro nikaikuta na mchoro mmoja. Tisa ilikuwa imefungiwa. Programu ya Mama iliiona migeni ikaiweka karantini. Nikabonyeza iachiliwe. Programu ya Baba ikaizuia ya Mama isifanye lolote. Nikabonyeza tena. Mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Saa sita ilipita nikiwa natazama kiduara kinachozunguka. Saa sita na dakika ishirini nikapiga simu. Mama mmoja wa ofisi ya udahili akaniambia kwa upole kwamba pamefungwa, nijaribu mwakani.

Fundi Waya ameiokoa michoro yangu yote, na amezing'oa programu zenu zote mbili. Ile ya Baba imemchukua siku nzima, akafuta mashine yote akaanza upya. Aliomba radhi. Ni yeye peke yake aliyeomba radhi mpaka sasa.

Sasa nimechagua mwenyewe. Nimesoma, nimemuuliza mwalimu wangu wa uchoraji, nimewauliza na wenzangu wanaotumia flashi moja nami. Nimechukua moja, nyepesi, inakagua flashi, haipeleki ripoti kwa mtu. Haikupendekezwa na mtu anayemchukia mtu. Neno la siri ninalo mimi.

Barua zenu nimezibeba mimi kila wikiendi, na zote nimezisoma. Gundi ya bahasha za stoo hata haishiki. Mama, zako ulizishona kwa uzi, nikajifunza kuzishona upya. Kwa kuwa mnapenda ripoti, hii hapa ni yenu. Barua sita. Fundi Waya ametajwa kwa jina katika tano. Bi Kibodi au mke wa Baba, katika zote sita. Chuo kimetajwa mara moja, kwenye barua ya kwanza. Aliyeuliza nachora nyumba gani, hakuna.

Nimekasirika, wazazi wangu, nimekasirika kiasi kwamba nikiwaona sasa nitasema maneno ambayo mtoto hasemi. Kwa hiyo nimeondoka. Niko mahali pa heshima, nakula, nalala, na michoro naiandaa ya mwakani. Mwalimu wangu wa uchoraji anajua nilipo. Nimemwomba asimwambie mtu anayekuja peke yake. Mje wawili, mkae upande mmoja wa meza, muulize pamoja. Mkishindwa, basi mwakani tutaonana.

Barua zenu sibebi tena.

Mtoto wenu, wa nyote wawili


Alhamisi, 21 Machi

Baba Chiriku,

Barua hii anakuletea Fundi Waya, maana aliyekuwa akizibeba hayupo. Usimkaripie, mkosaji si yeye. Alinionya nikamwambia weka.

Hali yangu si nzuri. Nimeandika, mpe na mkeo asome. Nyumba imekuwa kimya mpaka naendesha cherehani bila kitambaa ili nisikie sauti. Simu yake haipatikani, nawe umeipiga mara ngapi najua, kwa sababu nami nimepiga hivyo hivyo.

Jana nilikwenda kwa huyo mwalimu. Peke yangu, ndiyo, usijifanye kushangaa. Nililia, nikapiga magoti, nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa. Akaninyanyua, akanipa kiti, akanipa maji, jibu hakunipa. Akaniambia Jumanne ulikuja wewe, umevaa suti, ukakalia kiti hicho hicho, na maji hayo hayo hukuyamaliza.

Nakuchukia bado. Hilo lisikuchanganye. Miaka mitatu nimetaka ulie, na sasa naambiwa ulilia kwenye ofisi ya mwalimu, na sikufurahi hata kidogo. Nimekasirika kwamba sikufurahi.

Kesho saa nne asubuhi, lango la shule. Mkeo abaki alipo. Mimi nitakaa kiti cha dirishani, wewe kaa kile kingine, tutamtazama mwalimu, si lazima tutazamane.

Kuna jambo moja nakuuliza, nijibu kupitia kwa Fundi Waya leo hii hii, atakungoja. Nimejaribu kukumbuka tangu Jumapili, nimepekua kitanda chake, madaftari yake, hata karatasi za kwenye ndoo ya taka, na alikuwa akichora mbele yangu kila siku mimi nikishona. Alikuwa anachora nyumba gani? Mwalimu atatuuliza. Kama wewe unajua, niambie tafadhali.

Mama Chiriku


Siku hiyo hiyo

Mama Chiriku,

Sijui.

Nitakuwa langoni tangu saa tatu.

Baba Chiriku