Nyusi Zilizokataa Kushuka

Voi,
Jumamosi asubuhi

Mpendwa ndugu yangu Nicholas,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuamini kwamba mdomo unaweza kudanganya lakini uso hauwezi. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Ila salamu kwanza, maana hata ukiwa umenikasirikia, salamu ni haki yako. Hujambo? Kifua kimepata nafuu? Na kabeji za huko Bura, zimepona? Mimi ni mzima kiasi. Simu zangu hupokei, kwa hivyo nimempa jirani yangu Abby barua hii, kwa kuwa anapanda huko sokoni leo.

Najua kilichokuudhi. Wazazi wetu hawapo, kwa hivyo Jumapili ulipomleta mchumba wako Syombua, mimi dada mkubwa ndiye niliyempokea kwa niaba yao. Aliongea vizuri, hadi akasema kwamba mkioana angependa kuja na mama wa marehemu mumewe, kwa sababu yule mzee hana mtu mwingine. Nyote wawili mkanigeukia kuona nitalipokeaje. Mkaona macho yamenitoka na nyusi zimepanda. Syombua akaweka kikombe chini, akakwambia taratibu kwamba hawezi kumleta mama yake mahali atakapotazamwa kama kituko. Nawe mlangoni ukaniambia kuwa usomi wangu umenifundisha dharau tu.

Nicholas, nyusi zile zilikuwa zimepanda kabla hamjabisha hodi. Zimepanda tangu Aprili.

Sikwenda Nairobi kupumzika kwa binti yangu Elsie, kama nilivyowaambia. Nilikwenda kupasuliwa, ili nyusi ziinuliwe. Unakumbuka zilivyokuwa zimelegea hadi zikafunika kope. Hata nikicheka, watoto wa kanisani walidhani nawagombeza. Acha nikueleze inavyofanywa: daktari hukata ndani ya nywele, huvuta ngozi ya paji la uso juu, kisha hushona pale ambapo kovu halitaonekana. Kovu langu kweli halionekani. Kinachoonekana ni mimi.

Daktari alinisihi ningoje uvimbe uishe, nikangoja. Uvimbe uliisha, mshangao ukabaki, tena nyusi ya kushoto ikaizidi ya kulia. Nimemrudia. Anasema anaweza kujaribu tena baadaye, lakini haahidi chochote. Jicho la upande huo halifumbi sawasawa, nalitia dawa ya matone lisikauke. Nimeteremsha kilemba hadi kwenye miwani, wapi! Mwandawiro, niliyemfundisha darasa la nne na siku hizi anauza nyanya, aliniona juzi akapaza sauti, “Aa, Mwalimu! Hata bei sijataja na ushashtuka!” Watu wakacheka. Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani bila nyanya. Matangani kule Chawia sikwenda, kwa kuogopa wafiwa wangeuliza nashangaa nini mbele ya jeneza.

Nilidhani aibu hii ni yangu peke yangu, na kwamba nikiificha hakuna mwingine atakayeumia. Jumapili nimeona sivyo.

Sasa nikwambie lile ambalo uso wangu ulishindwa kusema. Syombua alipomtaja yule mzee, nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia, mwanamke asiyemwacha mama mkwe hata baada ya mume kuzikwa, huyo hatamwacha ndugu yangu na kifua chake. Ndiye niliyekuwa nakuombea. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumkaribisha na mama yake. Mkasimama kabla sijayapata.

Ningeweza kwenda mwenyewe, maana Syombua anakaa hapa hapa Voi, karibu na reli. Nimefika hadi kwenye kona ya mtaa wao nikarudi. Akinifungulia mlango, ataupokea uso huu kabla ya neno langu lolote, na sina mwingine wa kwenda nao. Lazima alisikie kwako kwanza.

Nisalimie majirani, na usiache kujifunika kifua asubuhi. Baridi ya huko juu naijua. Chai nitakuwa nimeiweka, na kilemba nitakuwa nimekivua. Shuka Voi leo, umweleze Syombua yote, kisha mlete kwangu.

Dada yako akupendaye,
Pauline