Madebe Niliyoyafukiza Moshi

Garissa, Ijumaa, tarehe 4 Novemba 1966. Leo ni mwaka mmoja na miezi minane tangu nitoke kwetu Buna.

Mshauri mpendwa, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa maana nilisoma madarasa manne tu na sijui kupanga maneno, na hapa nilipo hakuna mtu ninayeweza kumwambia jambo hili bila kuogopa atalipeleka wapi.

Mimi ni kibarua katika kiwanda kidogo cha samli na ngozi. Nilikuja huku baada ya ngamia wetu kwisha katika vita hivi vya shifta na serikali, nikamwacha mke wangu Batula na watoto wawili kwa kaka yangu. Kazi yenyewe ni hivi, wafugaji wanaleta samli, tunaichemsha, tunaichuja, tunaitia kwenye madebe mapya yanayotoka Nairobi, na ngozi tunazifunga kwa karatasi nzito na magunia mapya, kisha zinaingia kwenye makasha ya mbao. Lakini siku hizi malori hayatembei peke yake, yanangoja msafara wenye askari, hata samli ilikuwa inaharibika kwa kukosa debe la kuitia, na huku nyuma ya maduka madebe matupu yamelundikana, mbao za makasha zinachomwa chini ya sufuria za chai, na gunia likitoboka tundu moja linatupwa. Mimi roho iliniuma. Kwetu chombo hakitupwi, kibuyu cha maziwa cha mama yangu kilikuwa na umri kunizidi mimi. Basi nikasema mbele ya wenzangu kwamba vyombo vilivyokwenda virudi, vitengenezwe, vifanye kazi tena.

Korane, nyapara wetu, alicheka mpaka akashika ukuta. “Waryaa, mtu wa Buna! Umefika hapa na kikoi kimoja, leo unataka kumfundisha tajiri kufunga mizigo?”

Lakini tajiri alisikia, akaniambia nijaribu, na wallahi mambo yalikwenda vizuri. Magunia niliyashona, makasha tuliyagongelea upya, na ngozi tukaacha kuzifunga kwa karatasi tukazifunga kwa mikeka ya mkoma wanayosuka akina mama wa Masalani, ambayo ikifika inakofika inafunguliwa na kurudi na lori lile lile. Madebe ya zamani niliyasugua kwa mchanga na jivu, nikayasuuza kwa maji ya moto, halafu nikayafukiza kama mama zetu wanavyofukiza vibuyu vya maziwa, unatia vijinga vya moto ndani, unafunika, unatikisa, mpaka harufu yote ya zamani inakufa. Korane mwenyewe akaacha kucheka, na tajiri akasema nisibebe mizigo tena, kazi yangu iwe vyombo tu.

Sasa sikiliza kosa langu. Mwezi uliopita nilikuta madebe kumi na manane nyuma ya josho la mfanyabiashara mmoja, pale mifugo inapoogeshwa dawa ya kupe, yalikuwa hayana karatasi ya jina, mvua imeyaosha, hayana hata kutu. Yalikuwa na harufu kali nikadhani ni mafuta ya taa. Niliyafukiza mara mbili na harufu ikaisha kabisa, nikajiona fundi, nikayapanga pamoja na mengine, na tangu siku hiyo hata mimi siwezi kuyatambua.

Jumatatu iliyopita nilipita tena pale, nikamkuta mzee anaogesha mbuzi na mbele yake kuna debe jipya la namna ile ile, na juu yake picha ya fuvu la mtu. Nikamuuliza yakiisha wanayaweka wapi.

“Tunayatupa hapo nyuma,” akasema. “Usiyaguse. Mwaka jana mbuzi wangu alilamba kifuniko tu, jua halikuzama naye.”

Nilikimbia mpaka kiwandani nikamvuta Korane kwenye stoo ya ngozi nikamwambia yote.

“Umemwambia nani mwingine?”

“Wewe tu.”

“Basi liishie kwangu. Nusu ya samli ile inakwenda kwenye kijiji kinacholindwa na askari. Ukitamka sumu, nani atauliza habari za josho? Watasema shifta ameingia kiwandani, na aliyekuandika kazi ni mimi.”

“Na watu wakila?”

“Si umefukiza mara mbili? Moto umemaliza kila kitu.”

Nikamwambia, “Korane, basi tufungue debe moja, uonje wewe kwanza.” Alinitazama, akatoka nje.

Hivi sasa stooni kuna madebe thelathini na moja yamejaa, yamekwama kwa sababu mvua imekata njia, na wanasema msafara utaondoka Alhamisi ijayo. Lakini mawili yalikwishatoka, aliyanunua Habibo, mama mmoja anayeuza samli kwa kikombe huko mtaa wa Iftin, naye namwita eeddo, shangazi yangu wa ugenini, kwa sababu nilipolala na homa wiki mbili ndiye aliyeniletea chai ya maziwa kila asubuhi. Jana nilikwenda kumwambia. Nilipofika alikuwa anachota kutoka debe la kwanza, limefika nusu.

“Karibu, walaal! Samli yenu siku hizi ina ladha ya nyumbani. Inanukia moshi kama ya mama yangu. Lete kidole uonje.”

Nikasema jino linaniuma. Akacheka, akawaambia wateja, “Tazameni, mpika samli anaogopa samli!” Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akanunua kikombe, nami nikasimama nikamwangalia akienda. Sijasikia kwamba kuna mtu ameumwa, lakini kila nikisikia mtoto analia mtaani natoka kwenda kusikiliza ni kwa nani.

Mshauri, nikisema nitafungwa, na Batula hatajua niko wapi. Nikinyamaza labda hakuna lolote, labda moshi ulifanya kazi yake, labda madebe yale kumi na manane bado ni matupu. Nifanye nini? Usitoe jina langu. Korane amenitafutia kibali na nafasi kwenye lori la kwenda Wajir, na njia ikifunguka natarajia kuwa nyumbani Buna kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.

Kibarua wa vyombo, Garissa


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, barua yako ilinifikia Jumanne mchana. Sikungoja gazeti lichapwe. Saa ile ile nilikupelekea telegramu: FUNGA STOO NENDA HOSPITALI LEO. Natumaini umeishika mkononi. Majina yote katika barua yako nimeyabadilisha, na lako halimo. Lakini jambo lenyewe sikulificha, na sitalificha, kwa sababu samli haijui kuficha siri.

Nimekusikitikia, na nimekukasirikia pia. Kuokota debe bila kujua ni kosa la mtu mwenye bidii. Kusimama mbele ya mama aliyekuuguza na kumwambia jino linakuuma, hilo si kosa la kutojua. Ulijua. Hofu yako naielewa, sote tunajua nyakati tulizo nazo na jinsi mtu anavyotiliwa shaka kwa jina lake tu. Lakini pima mwenyewe: anayekwenda kusema kabla mtu hajaanguka ni shahidi. Anayekutwa kwenye lori la Wajir baada ya watu kuanguka, huyo ataitwa nini?

Na kuhusu huo moshi wako, acha kusema “labda”. Moshi wa mama yako uliua uchachu wa maziwa. Dawa ya kupe haifi kwa kijinga. Ulichokifanya ni kuiondolea harufu, yaani ile sauti yake iliyokuwa inawaonya watu.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanzie kwa Habibo. Mwambie yote, mchukue yeye na debe lake mwende hospitali, awataje aliowauzia anaowakumbuka. Usiende peke yako. Mwombe imamu wa msikiti unaposali afuatane nawe, na yule mzee wa josho aeleze kwa mdomo wake madebe yalitupwa wapi na nani aliyeyatupa bila kuyatoboa. Ukiwa na watu wawili wanaojulikana mjini, maneno yako yatakuwa na miguu. Korane mwambie hivi kutoka kwangu: aliposhindwa kuonja, alikwishajibu. Aje naye.

Madebe yote thelathini na moja yasitoke, pamoja na kila tupu ulilofukiza, kwa kuwa huwezi kuyatenga. Tajiri wako atapiga kelele. Mwache apige. Msimwage samli mtoni Tana wala msiwape mbwa. Madaktari na watu wa mifugo waseme pa kufukia, mbali na visima, na kila debe litobolewe kwa msumari tundu nyingi, mtu asije akaliokota kama ulivyoliokota wewe.

Halafu, usiniache na fikira kwamba wazo lako lilikuwa baya. Lilikuwa zuri, na wenye viwanda wanaosoma hapa walichukue: kuchoma mbao nzima na kutupa gunia lenye tundu moja ni upumbavu, na mikeka ya Masalani ni akili. Ila chombo kirudi kwenye kazi ile ile kilichotoka nayo. Debe la samli lirudie samli, lipigwe alama ya patasi kwenye mdomo siku linapotoka kiwandani, na lisilo na alama hiyo lisipite mlangoni hata likiwa linang'aa. Na anayeuza sumu ayachukue madebe yake mwenyewe, asiyaache nyuma ya ukuta.

Nyumbani utakwenda, lakini uende baada ya kusema. Batula anaweza kumngoja mume aliyechelewa.

Na wewe msomaji uliye Garissa, au mwenye jamaa huko: kama tangu Oktoba umenunua samli ya kikombe yenye harufu ya moshi, iache kama ilivyo na uibebe. Hata kama umekula na husikii maumivu, usikae kungoja kuyasikia. Nenda hospitali leo, na kila uliyemkaribisha chakula hicho mshike mkono mwende pamoja.