Gari la Mzee Haidari na Umeme wa Jumanne

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Kibiti
Jina: Damyanti Kanji
Umri: Miaka 63
Dini: Hindu
Kazi: Mwenye duka la vyombo
Makazi: Kibiti mjini, karibu na soko
Tarehe: 20 Juni 2025

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilizaliwa Mohoro, nikaolewa Kibiti, na hapa ndipo nilipo hadi leo. Ninaishi peke yangu nyuma ya duka. Binti yangu Kavita yuko Uingereza na mumewe. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita.

Mwanzoni mwa mwezi Mei alikuja dukani mzee nisiyemfahamu, akajitambulisha kuwa ni Haidari, mzaliwa wa Mbuchi, baharia mstaafu. Alikuwa na gari kubwa jeupe lenye nyumba ndani: kitanda, jiko, friji, hata choo. Alisema alirudi ili aishi karibu na dada yake huko Mbuchi, akakuta dada ameshazikwa na nyumba imeliwa na mto. Gari lenyewe haliwezi kufika huko. Aliniomba aliegeshe uani kwangu na achukue umeme kwangu, kwa kuwa anaumwa sukari na dawa zake za sindano lazima zikae kwenye baridi. Nilimkubalia. Ua ulikuwa mtupu tangu tulipouza gari letu.

Siku ya kwanza hakuchomeka waya wa gari moja kwa moja. Aliupitisha kwenye kiboksi cheusi. Kikawasha taa nyekundu na kukataa kupitisha umeme. Nilidhani kimeharibika. Alicheka, akasema, "Hapana, dada, kizima hiki. Kinakataa kwa sababu nyumba yako haina waya wa kwenda ardhini. Na umeme wenu unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Ukizidi au ukipungua, kinakata chenyewe, friji yangu isiungue."

Kesho yake alichimbia fimbo ya shaba karibu na ukuta, akaifunga waya, akaimwagia maji ya chumvi ili udongo upitishe umeme vizuri. Taa ikawa ya kijani. Tangu hapo, udongo ukikauka, alikuwa akiimwagia tena. Waliopita njia ya nyuma walimwona. Nilisikia watu wakisema mzee wa gari anafanya mambo yake pale ukutani. Sikulitilia maanani.

Jioni tulikuwa tunakunywa chai, yeye amekaa kwenye ngazi ya gari lake, mimi mlangoni kwa jiko langu. Maneno hayakuwa mengi. Nasema hivi kwa sababu afande ameniuliza uhusiano wangu naye ni upi. Ni huo.

Afande ameniuliza pia kama ninamfahamu mtuhumiwa, Bushiri Mohamedi. Ninamfahamu. Ana saluni ya kunyoa, tumepakana ukuta. Kila asubuhi ndiye aliyekuwa akininyanyulia lile geti la duka, ni zito, mimi siliwezi. Mume wangu alipofariki, hapa hapakuwa na mahali pa kumchoma kwa desturi ya dini yetu, ikabidi apelekwe Dar es Salaam. Bushiri ndiye aliyekaa na mwili nyuma ya gari mpaka tulipofika. Hakuna aliyemwomba.

Siku ya Jumanne tarehe 17 Juni 2025, majira ya saa tisa alasiri, nilikuwa dukani. Feni ilianza kuzunguka kwa kasi kuliko kawaida. Taa ikawaka nyeupe sana, kisha ikapasuka. Nikakimbilia swichi kubwa nikaizima, lakini friji yangu ilikuwa imeshaanza kunuka. Nje nilisikia kelele. Moshi ulikuwa unatoka saluni kwa Bushiri. Televisheni na mashine zake za kunyolea, vyote viliungua. Jirani wa buchani naye friza lake liliungua.

Mtaa mzima ulikuwa hauna umeme, isipokuwa gari la Mzee Haidari. Taa ya ndani ilikuwa inawaka na feni inazunguka. Lile gari lina betri zake na paneli ya sola juu.

Bushiri aliingia uani, na watu kama kumi nyuma yake. Mzee Haidari alikuwa amesimama kwenye ngazi ya gari. Bushiri alimuuliza, "Mbona kwako kunawaka?"

Mzee akajibu, "Natumia betri, mwanangu. Umeme ulipanda, kifaa changu kikaukata."

Bushiri akasema, "Ukakatika kwako, ukaenda wapi? Si ndiyo ukaja kwetu?"

Mzee akasema hauendi hivyo, akataka kumweleza. Watu wakaanza kupiga kelele kuhusu fimbo na maji ya chumvi. Mimi nikasema, "Bushiri, friji yangu pia imeungua, na soketi ni yangu." Hakunitazama. Aliung'oa waya, akakivunja kile kiboksi kwa jiwe. Kisha akataka kuingia ndani ya gari. Mzee alisimama mlangoni akasema, "Humu mna dawa zangu, baba, humu usiingie."

Wengine wamesema mzee aliteleza. Mimi nilikuwa karibu nao, hapakuwa na mtu kati yetu. Hakuteleza. Bushiri alimsukuma kifuani kwa mikono miwili. Mzee akaangukia kiuno kwenye ukingo wa saruji, na hakuweza kuinuka.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Nilikaa chini nikampakata kichwa. Bushiri alibaki amesimama, akitazama viganja vyake. Nilimwambia, "Kaite bajaji." Akaenda, na bajaji ikaja, lakini yeye hakurudi.

Mzee Haidari alilazwa hospitali ya hapa Kibiti, kisha akahamishiwa Dar es Salaam kwa sababu nyonga imevunjika. Dawa zake nilizipeleka hospitali kwenye chupa ya chai niliyotia barafu. Aliniuliza kama gari nimelifunga. Nikamwambia nimelifunga.

Siku ya Jumatano fundi wa umeme, Shaabani, alipanda nguzo iliyo mwanzo wa mtaa. Alituambia lori lililopakia juu kupita kiasi lilivuta nyaya, ukakatika waya ule mmoja unaosawazisha umeme, ndiyo maana ukapanda kwenye nyumba zote. Alisema gari la mzee halikuhusika. Bushiri alikuwepo. Aliingia saluni akafunga mlango.

Jana mke wake, Safina, alikuja kwangu, akapiga magoti akasema, "Mama Kavita, wewe sema ulikuwa ndani, hukuona. Watoto wetu ni wako." Ni kweli, wawili wadogo wanakula kwangu karibu kila siku. Nilimwinua.

Leo geti la duka sijalifungua.

Sina ugomvi na Bushiri wala sikutumwa na mtu. Niliiona ile mikono. Ningekuwa sikuiona, ningesema sikuiona. Hayo ndiyo niliyoyashuhudia kwa macho yangu. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: D. Kanji

MAELEZO YA ASKARI
Mimi, Koplo Mshamu, nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake, nikamsomea, akakubali na kutia saini mbele yangu. Nilimtaka anipe namba ya mtu wake wa karibu, wa kupigiwa endapo yeye hatapatikana siku ya kesi. Alinitajia namba kwa kichwa, bila kutazama simu. Nilipouliza ni ya nani, alisema ni ya Bushiri, kisha akaniomba niifute. Nilimuuliza kama yupo mwingine. Sehemu ya namba imebaki wazi.