Wajumbe Wote Waliafiki

Makete

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Natumai wifi na wanangu wamo salama, na goti la Mama limepoa. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenikaa mifupani. Asubuhi nakumbatia kikombe cha chai kwanza ndipo vidole vikubali kushika kalamu. Barua hii anakuletea mwalimu anayekuja likizo Pongwe, maana kwenye simu kila nikilitaja jambo hili unasema mtandao unasumbua.

Nimekasirika, Kaka. Dada Zuhura alinitumia picha ya muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji chetu. Mimi ni mtendaji wa kijiji huku, kuandika mihtasari ndiyo kazi yangu, basi nikausoma neno kwa neno. Mbuzi wanaozurura mmejadili. Choo cha shule mmejadili hadi mlango ufungukie upande gani. Halafu chini kabisa, kwenye mengineyo, mstari mmoja: uwanja wa kuanikia mwani apewe mwekezaji, aegeshe magari ya wageni wake. Wajumbe wote waliafiki. Na wewe ni mjumbe.

Mwani ndio uliotusomesha mimi na wewe. Nilimuuliza Mama sasa watauanika wapi, akanijibu, "Labda juu ya mapaa, mwanangu." Akacheka. Nilitamani kulia.

Siku ya kwanza nilipokubana, kabla mtandao haujaanza kusumbua, ulisema, "Mwenyekiti ni mkwe wangu. Nimpinge mbele za watu?"

Haya ya mkwe naijua, nimelelewa nayo. Nyumbani kwake inamisha kichwa, njiani mpishe. Lakini kikaoni hukuingia kwa ukwe, uliingia kwa kura, na nyingi zilikuwa za hao wanawake wa mwani. Ulinyamaza, na kimya chako kikaandikwa kuwa ndiyo. Juzi huku kwetu mzee mmoja alimpinga kakake wa tumbo moja, akanisimamia mezani mpaka nikaandika kwamba yeye hakuafiki. Kisha wakaondoka pamoja kwenda kula viazi. Hakuna undugu uliovunjika.

Bahati yako, ardhi ya kijiji haimalizwi na wajumbe peke yao. Lazima ipite mkutano mkuu, na huko kila mtu mzima ana sauti. Mama ameniambia atasimama. Yeye na mkweo ni wazazi wenza, hana haya naye. Atawauliza wajumbe mmoja mmoja nani aliafiki, na akifika kwako atakuita kwa jina.

Nisalimie wifi, nisalimie Zuhura, na Shangazi Mwanaisha msusi wa mikeka mwambie mkeka wake ndio ninaoswalia. Mkweo naye mpe shikamoo yangu. Siku ya mkutano mpe na ya kwako, kisha simama umpinge.

Mdogo wako asiyekuficha neno,
Mwanahawa